Mzee wangu kapigiwa simu na "Meja wa Ngome" kuhusu hela za Vita vya Kagera, ameshatuma 85,000 na anataka kutuma tena. Nifanyeje?

BintiMikindani

Habari za usiku wakuu. Naombeni mawazo yenu maana jana sijalala kabisa.

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu, tupo hapa Mikindani. Alipigana Kagera kuanzia mwisho wa 78, akaingia mpaka Kampala, akarudi akaendelea na jeshi mpaka akastaafu. Sa hivi ana sabini na kitu, ana pensheni yake ya kila mwezi na mikorosho kidogo kule njia ya Naliendele, wanaishi na mama vizuri tu hana shida na mtu.

Sasa Jumanne iliyopita akapigiwa simu. Mama ndo alikuwepo, anasema baba alikuwa kakaa barazani anamenya muhogo, kupokea simu tu akaweka kisu chini, akasimama wima, akaanza kujibu "ndiyo afande, ndiyo afande". Amesimama hivyo hivyo karibu robo saa, mzee mwenye magoti mabovu. Huyo mtu alimuita kwa cheo chake, Sajenti, na majina yake yote matatu, akasema yeye ni Meja kutoka Ngome, yaani makao makuu ya jeshi, Dodoma kitengo cha wastaafu, kuna mfuko wa wapiganaji wa Kagera umefunguliwa na jina lake limo, anatakiwa kupata milioni 12 na laki 4. Ila faili lake limekwama, inatakiwa 85,000 ya muhuri, atume leo leo na ya kutolea, na asimwambie mtu yeyote hata mkewe kwa sababu orodha ni siri na kuna watu wanataka kuwatoa wazee wa kusini wawaweke wa kwao.

Akaenda kwa wakala akatuma. Jina lililotokea ni la mwanamke, akauliza, akajibiwa huyo ni mhasibu wetu.

Juzi wamepiga tena wanataka 240,000 ya kodi kabla ya Ijumaa. Hapo ndo mimi nikajua maana kaniomba mimi hiyo hela. Nilivyomwambia baba hawa ni matapeli alinitazama vibaya sana, akasema wewe umezaliwa juzi unajua nini kuhusu jeshi. Tangu hapo hanisemeshi. Na mama kasikia anapanga kwenda kwa jamaa mmoja mjini anayekopesha ukimwachia kadi ya benki.

Naomba kuuliza, hizo hela za Kagera zipo kweli? Walijuaje cheo na majina yake? Na nitaongeaje naye bila kumvunjia heshima, maana mimi hapo ndo nashindwa kabisa.

MstaafuNachi

Binti yangu pole sana. Mimi ni mstaafu mwenzake na baba yako, nipo Nachingwea, na nilipofika hapo pa kusimama wima nilishindwa kuendelea kusoma kwa muda, maana namuelewa. Mwalimu alipotangaza ile Novemba 2 1978 kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sisi tulikuwa vijana, tuliitwa tukaenda. Ukishaishi maisha hayo sauti ya mkubwa ikikuita kwa cheo chako mwili unasimama kabla kichwa hakijafikiri. Hawa watu wanalijua hilo, ndo wanachokitumia. Kwa hiyo kwanza kabisa usimchukulie baba yako kama mtu aliyezeeka akili.

Nakujibu kwa ninavyojua. Pensheni ya mwanajeshi inalipwa na Hazina, inaingia benki. Ikiwa kuna jambo la wastaafu wote, uhakiki kwa mfano, linatangazwa wazi, linapita mkoani na wilayani, watu wanapanga foleni na makaratasi yao mkononi, barua ya kustaafu, kitambulisho, na halina malipo. Hakuna siku Ngome itampigia Sajenti mmoja mmoja jioni imwambie tuma 85,000 kwa jina la mwanamke. Na hiyo ya "usimwambie mtu" ndo ingekustua zaidi. Jeshini siri ipo lakini ni siri ya kazi. Mafao ya mtu sio siri ya kazi, mkewe ndiye wa kwanza kutakiwa kujua, maana baba yako akiondoka leo ni yeye atafuatilia.

Mimi mwenyewe nilipigiwa mwaka juzi, wao waliniambia malimbikizo ya Msumbiji, maana nilikuwa kule 87 na 88. Nikamwambia haya afande nitajie namba yangu ya jeshi, MT yangu. Akasema mfumo upo chini, nikutajie baadae, wewe nitajie nihakikishe. Nikakata. Mwenzangu mmoja hapa yeye aliitaja, siku ya pili wakapiga wengine wanaijua, na hapo ndo akaamini kabisa kwamba ni jeshi. Kwa hiyo muulize baba yako polepole, cheo walikitaja wao au walianza na "shikamoo mzee, wewe si ulikuwa jeshini, ulitoka na cheo gani vile"? Mara nyingi mtu anapewa maneno yake mwenyewe akidhani ameletewa.

Sasa namna ya kuongea naye. Usimwambie umetapeliwa. Mwambie baba, wewe ni askari, tufuate ngazi. Ofisi ya mkuu wa wilaya kuna Mshauri wa Mgambo, yule ni afisa wa JWTZ anayevaa magwanda yupo kazini. Mwambie mimi nitakusindikiza, tukamuulize afande aliyepo hapa hapa kama hiyo orodha anaijua, akisema ipo hela natafuta mimi. Askari hawezi kukataa kufuata ngazi. Na uende nae mwenyewe, usimtume peke yake, maana njiani simu itaita.

Kijana_Newala

Wazee wengine nao tamaa, milioni 12 za bure zitoke wapi jamani.

MstaafuNachi

Kijana nisikilize kwa makini. Kuna watu walienda vita ile wakiwa mgambo, wametoka vijiji vya huku huku kwetu, Newala kwenu wapo, walirudi wakaambiwa asanteni wakarudi kulima. Hawana pensheni, hawana kadi, wengine wana vidonda mpaka leo. Miaka yote hiyo wanasubiri siku mtu atawapigia aseme tumewakumbuka. Siku simu inaita inasema tumewakumbuka unaiita tamaa? Hapana. Yule anadai anachoamini anastahili. Ukimtukana hivyo nyumbani, kesho akipigiwa tena hatakuambia, atatuma kimyakimya.

Na usidhani wanawinda wazee tu. Nyie vijana wanawauzia nafasi za jeshi kila mwaka, mnachanga laki tano laki saba kwa mtu mmekutana nae WhatsApp kaweka picha ya magwanda, wakati jeshi linatangaza kila mara kwamba kujiunga hakuuzwi. Mara ngapi nimeletewa mjukuu wa jirani hapa, babu tuungie na huyu Kanali, na huyo Kanali hajui hata tofauti ya kombania na platuni.

Wakala_Masasi

Shikamoo mzee Nachi. Dada wa Mikindani mimi ni wakala Masasi mjini mwaka wa tisa huu, nakujibu hilo swali lako la walijuaje.

Majina matatu hayana uchawi. Mtu akiingiza namba yako kama anataka kukutumia hela, kabla hajathibitisha jina lako linatokea. Anasoma anaghairi. Kwa shilingi sifuri ana majina yako. Cheo, kuna magrupu ya WhatsApp ya wastaafu mtu yeyote anaingia kwa linki, kuna picha watu wanaweka fesibuku tarehe 25 Julai siku ya Mashujaa baba yangu shujaa Sajenti fulani na nishani zake kifuani. Mimi huwa naona simu za aina hiyo zinaongezeka Julai, halafu tena Oktoba mpaka Desemba minada ya korosho ikianza watu wakishalipwa. Wanajua kalenda yetu kuliko sisi.

Kuna na sisi mawakala niseme ukweli. Daftari la miamala linakaa wazi juu ya meza, jina, namba, kiasi, mtu anapiga picha anaondoka. Mimi langu nimeanza kuliweka chini ya kaunta.

Sasa kitu ambacho nataka watu wakijue ni anavyokuja mzee dirishani. Huwa anakuja simu ipo sikioni bado inaongea. Wanamwambia usikate mpaka umalize, ili asipate nafasi ya kuongea na mtu. Mwaka jana alikuja mzee mmoja shati limefungwa vifungo vyote mpaka juu, anatoa noti moja moja mfukoni za elfu mbili mbili, mkono mmoja umeshika simu. Nikamuuliza babu unamtumia nani, akaniwekea kidole mdomoni. Nikamwandikia kwenye karatasi UNAMJUA? Akatikisa kichwa hapana. Nikamwambia kwa sauti babu mtandao hamna rudi baada ya saa moja, yule wa upande wa pili akanitukana matusi ya nguoni mpaka mzee akayasikia. Akaitoa simu sikioni akaiangalia, akasema afande hawezi kutukana hivi, akakata. Hiyo ndo iliyomwokoa, sio mimi.

Na hiyo "tuma na ya kutolea" ni alama tosha. Malipo ya serikali yanaenda kwa kontro namba, tarakimu 12, na unapata risiti. Serikali haina mhasibu anayepokea kwenye laini yake halafu anataka hela ya kutolea. Ukiona jina la mtu binafsi limetokea kwenye skrini, acha hapo hapo.

Mambo ya kufanya leo. Piga 100 kwa mtandao uliotumia, wape muamala, ingawa wiki imepita na hawa wanatoa hela ndani ya dakika chache kwa wakala mwingine, sikupi matumaini ya uongo, ila namba ile inabaki na kumbukumbu. Ukituma kwa kutapeliwa piga dakika ile ile usisubiri hata nusu saa. Halafu andika neno Utapeli tuma kwenda 15040, watakujibu uingize namba ya tapeli, haikatwi hela. Nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako.

Na kingine usikiruke, chukua simu ya mzee bonyeza *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Wale vijana wanaosajili laini mtaani na miavuli wanamwambia mzee kidole hakijasoma weka tena, weka tena, kumbe kila anapoweka inasajiliwa laini nyingine. Laini hizo ndo zinaenda kutapeli watu, na polisi wakifuatilia wanakuja kwa babu.

BintiMikindani

Asanteni mno, mzee Nachi nimelia kusoma ulivyoandika. Nimemuuliza baba kuhusu cheo kiujanja, akasema mwanzo alipigiwa na kijana mwingine wiki moja kabla akajitambulisha anafanya sensa ya wastaafu, akamuuliza cheo, kikosi na mwaka wa kustaafu. Yaani hakuunganisha kabisa.

Hilo la kadi ya benki je, kuna mtu anajua? Maana kasema anaenda kesho kutwa.

MamaMchinga

Mwanangu zuia hiyo kadi kwa nguvu zote.

Mimi ni mjane, marehemu mume wangu alikuwa jeshini, amefariki miaka sita sasa. Sijawahi kuandika haya popote. Baada ya arobaini alikuja mtu nyumbani Mchinga na folda ya kijani, amevaa shati jeupe limenyooshwa, anajua jina la marehemu na kikosi, anasema yeye ni wakili wa wajane wa jeshi anafuatilia mafao. Alikaa akanywa chai yangu akalia na mimi. Akaniambia mirathi bila mtu wa ndani inachukua miaka mitano, yeye anamaliza mwezi mmoja, anataka 320,000 na makaratasi yote halisi. Makaratasi halisi, sio kopi. Nikampa. Nilikuwa nimeuza mbuzi wote.

Hakurudi. Na simu ikawa haipatikani.

Hela iliniuma lakini makaratasi yaliniua kabisa, kukata cheti cha kifo upya, barua za marehemu kuzitafuta upya, nimezunguka Lindi mjini nilivyozunguka. Na miezi mitatu sikumwambia mtu, watoto wangu wananiuliza mama mbona huli, nasema malaria. Aibu ilinikaba shingoni. Nikija kumwambia dada yangu kumbe na jirani yake alimpata mtu yule yule na folda ile ile, naye amenyamaza. Tungesemezana mapema mmoja wetu angepona.

Mambo ya mirathi niwaambie wajane wenzangu yalivyokuwa kwangu mwishoni. Ukoo mnakaa kikao, mnaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Unachukua muhtasari na cheti cha kifo cha RITA unaenda Mahakama ya Mwanzo unafungua shauri, wanabandika tangazo kwa mwenye pingamizi ajitokeze, likipita hakimu anakuteua unapewa fomu yenye muhuri. Hiyo ndo unaipeleka wanakolipa. Ada ipo lakini unalipa mahakamani unapewa risiti, na ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na kile nilichompa yule. Wasaidizi wa kisheria wapo, wanakuelekeza bure, na ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ikipita mkoani kwenu nendeni msione haya. Makaratasi halisi usimpe mtu, toa kopi, halisi kaa nayo unaionyesha tu dirishani.

Dada tafadhali kaa na baba yako. Usimwache na siri yake peke yake.

Karani_Lindi

Nadakia hapo kwenye kadi. Nimefanya kazi ya mikopo miaka kadhaa kabla sijaacha, naijua vizuri.

Anayekopesha kwa kuchukua kadi ya ATM na namba ya siri hakukopeshi, amenunua pensheni yako kwa bei ya kutupa. Anachokifanya tarehe ya malipo anawahi yeye kwenye mashine, anatoa yote, anakukatia chake anakupa kinachobaki, au anakwambia mwezi huu riba imekula yote. Nimeona mzee amechukua laki mbili, miaka miwili baadae bado kadi haijarudi. Watu wanaita kausha damu na ni jina sahihi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na kwa hawa wasiopokea amana Benki Kuu imeweka riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Wengi wa mtaani wanakula 20 mpaka 30. Muulize leseni iko wapi, utaona atakavyokasirika. Na zile programu za mikopo za kwenye simu msizikimbilie vilevile, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na kibali.

Kama kadi imeshachukuliwa na mtu mwingine yeyote anayesoma hapa, mzee aende benki mwenyewe na kitambulisho, afunge kadi hiyo aombe nyingine na abadilishe namba ya siri. Ile akaunti ni yake, mkopeshaji hawezi kumzuia. Deni litazungumzwa kwenye serikali ya mtaa au mahakamani kwa haki, lakini pensheni iingie mkononi mwa mwenyewe kwanza.

Nina shemeji yangu Marekani, mumewe alikuwa jeshi la kule, na ananiambia na kule ni hayo hayo. Kuna kampuni zinamfuata mstaafu zinamwambia tukupe hela ya mkupuo leo, wewe tusainie pensheni yako ya miaka kadhaa ijayo, akipiga hesabu baadae amepoteza sehemu kubwa, na sheria yao hairuhusu askari mstaafu kuuza mafao anayolipwa na idara yao ya wastaafu wa jeshi. Halafu ilipopita ile sheria ya 2022 wanaiita PACT Act, ya askari walioumwa kwa kuvuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraki na Afghanistan, simu zikaanza kumiminika, tukujazie fomu, lipia kidogo, wakati kujaziwa dai la mwanzo ni bure kisheria. Yaani penye haki mpya ya askari, mwizi anafika kabla ya barua. Mtu akisikia serikali imeongeza pensheni au imetangaza uhakiki, ajue na simu za uongo zinakuja wiki hiyo hiyo.

Kijana_Newala

Mzee Nachi naomba radhi kwa nilichoandika juu. Babu yangu alikuwa mgambo Kagera. Nimempigia leo kumuuliza, kaniambia walishampigia mara mbili, hakuwahi kutuambia. Hakutuma kwa sababu hakuwa na hela siku hiyo.

MstaafuNachi

Umefanya vizuri mjukuu wangu. Msalimie sana. Mwambie aulizie kwa wenzake wa MUWAWATA, umoja wetu wa wastaafu wa jeshi, huko ndo habari za kweli zinapita, sio kwenye simu ya mtu asiyeonekana sura.

BintiMikindani

Wakuu narudi na mrejesho, samahani ni mrefu.

Nilimwambia baba maneno ya mzee Nachi kama yalivyo, baba tufuate ngazi. Alinyamaza kama dakika nzima. Halafu akasema sawa, kesho saa mbili. Asubuhi nimemkuta ameshavaa, kanyoosha suruali mwenyewe, kachukua bahasha yake ya makaratasi, tukapanda bajaji mpaka mjini.

Ofisini kwa mkuu wa wilaya tukaelekezwa kwa Mshauri wa Mgambo. Afande yule ni mtu mzima kiasi lakini kwa baba ni kijana. Alipoona karatasi za baba alisimama, akampa kiti, akamwamkia. Mimi nilikaa pembeni sikusema neno. Baba akaeleza yote mwenyewe kuanzia ile ya sensa. Afande akasikiliza mpaka mwisho, akasema mzee wangu hakuna mfuko huo na hakuna orodha hiyo, na ukweli ni kwamba wewe ni wa tatu mwezi huu kuja na habari hii, wale wawili walishatuma zote. Baba akauliza, huyo Meja je? Akajibiwa hakuna Meja.

Nilidhani atakasirika au atalia. Aliuliza tu, nimekosea wapi? Afande akamwambia hujakosea kutii, umekosea kutii kwa simu. Tukaondoka.

Tulipita polisi tumechukua RB. Hela 85,000 tumepiga 100 wakasema ilitolewa siku ile ile, kama Wakala alivyosema. Namba tumeituma 15040. Halafu *106# nikabonyeza tukiwa kwenye bajaji, dada yenu nimeshtuka, baba ana laini yake moja tu tangu aanze kutumia simu, pale zimetokea nne. Nne! Akakumbuka mwaka juzi sokoni kijana mmoja alimwambia aje ahakiki laini, akamwekesha kidole mara nyingi mpaka akamuuliza mbona mashine yako mbovu. Tukageuza bajaji tukaenda kwenye maduka ya mitandao zikafungwa zote tatu, ilituchukua mpaka saa tisa.

Ijumaa jioni yule Meja kapiga. Baba kanionyesha simu inaita, akaiweka mezani, akaendelea kula. Imeita mara sita.

Ila hamjui kilichofuata. Baada ya kula akaniambia lete daftari. Akanitajia majina ya wenzake wa kikosi waliobaki, wako kumi na mmoja, Masasi, Nanyamba, Lindi, wengine namba zimebadilika tukatafuta kupitia watoto wao. Anawapigia mmoja mmoja kwenye spika, anaanza na utani wao wa zamani kwanza, halafu anawaambia mimi nimepigwa 85,000, wewe umepigiwa? Anaisema kabisa, mbele ya mama na mimi. Watatu walishapigiwa. Mmoja yupo Tandahimba, huyo alishatuma laki moja na nusu, na kadi yake ya benki alikuwa anaipeleka Jumatatu asubuhi kwa mkopeshaji ili apate ya kodi. Anaishi na mjukuu wa darasa la tano tu. Baba alivyomwambia aache, yule mzee akamjibu Sajenti na wewe umetumwa na hao wanaotaka kutuondoa wa kusini kwenye orodha.

Baba hakubishana nae. Akamwambia nakuja Jumatatu, usitoke nyumbani mpaka nifike, hiyo ni amri.

Tumeongea na dereva wa gari la kwanza atatuwekea siti mbili, tunaondoka alfajiri. Baba ameshaweka karatasi ya RB kwenye bahasha pamoja na nishani yake, anasema yule akiiona nishani atafungua mlango. Mwenye kujua Mshauri wa Mgambo wa Tandahimba anakaa jengo gani pale wilayani aniandikie kabla ya kesho jioni.